Mbwa wa Bwana Kitsao Hawana Neno

Paukwa.

Pakawa.

Nani amelala?

Hakuna aliyelala.

Nani kawanyima usingizi?

Wewe na maneno yako.

Basi sogeeni karibu. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikishaanza sirudi nyuma kumchukua mtu.

Hapo kale, watu walipokuwa wakisafiri kwa miguu yao wenyewe, palikuwa na nyika moja iliyoitwa Nyika ya Chokaa. Nchi nyeupe, kavu, haina mto, haina nyumba. Mchana ardhi yake iliunguza nyayo kama kikaango. Kwa hiyo watu waliivuka usiku. Jua likizama, wanatembea. Jua likichomoza, wanapiga kambi penye kisima na vivuli vya migunga, wanalala mpaka jioni. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyika. Usipolala mchana, usiku utalala ukitembea. Na mtu anayelala huku anatembea, katika nchi ya makorongo na simba, hamhitaji niwaambie anaamkia wapi.

Msafara wa mwisho kabla ya mvua ulikuwa unaondoka. Mvua ikinyesha, chokaa ile hugeuka uji, na hakuna apitaye mpaka msimu uishe. Katika msafara huo alikuwamo mama mmoja jina lake Mbeyu, mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo na kumbukumbu kubwa. Alikuwa na mumewe, Charo. Hawakuwa wafanyabiashara. Binti yao, Sidi, aliolewa ng'ambo ya nyika, na sasa alikuwa na mimba yake ya kwanza, nzito, imekaribia. Alikuwa ametuma neno kwa wapita njia. Neno lenyewe lilikuwa fupi: "Mwambieni mama aje. Naogopa."

Mbeyu alifunga mkeka wake siku ile ile.

Sasa, katika msafara huo alikuwamo pia Bwana Kitsao. Mnamjua mtu wa namna hii. Wengine wana mikeka, yeye ana hema. Wengine wanabeba mizigo yao, yeye ana punda wa kubeba hema na punda wa kubeba mito ya kulalia ndani ya hema. Na alikuwa na mbwa watatu. Mkubwa aliitwa Ngurumo. Wa pili aliitwa Radi. Wa tatu alikuwa mdogo kama kikapu cha samaki, macho yamemtoka, na huyo aliitwa Kipenzi. Ngurumo alibweka kwa kishindo. Radi alibweka kwa mfululizo. Lakini Kipenzi, jamani, Kipenzi alibweka kama mtu anayepiga sufuria kwa kijiko karibu na sikio lako.

Wakatembea usiku wa kwanza, wakafika kambi ya kwanza. Watu wamechoka. Wakanywa maji, wakatandika mikeka, wakajilaza. Bwana Kitsao akapigiwa hema chini ya mgunga mkubwa kuliko yote. Mbwa akawafunga kwenye vigingi, nje, juani, mbele ya mlango. Akaingia ndani, akateremsha pazia.

Mjusi akapita. Wuu, wuu, wuu.

Jani likaanguka. Wuu, wuu, wuu.

Hakuna kilichopita, hakuna kilichoanguka. Wuu, wuu, wuu.

Watu wakajigeuza ubavu huu, wakajigeuza ubavu ule. Wakajifunika shuka. Mpagazi mmoja, Mwero, akatia kichwa chake ndani ya kapu. Jua likafika utosini, kambi nzima macho makavu. Kila mmoja alimtazama mwenzake, akingoja mwenzake aende kusema. Mwisho Mbeyu akainuka, akaenda mpaka kwenye hema.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi, Bwana Kitsao."

Kimya. Mbwa wakamrukia mpaka kamba zikakaza. Akapiga hodi ya tatu, akatikisa na mlingoti wa hema. Ndipo pazia likafunguka, na Bwana Kitsao akatoa uso uliovimba kwa usingizi mtamu. Akamwona mama anatikisa midomo. Akapeleka kidole sikioni, akavuta sufi. Akapeleka kidole sikio la pili, akavuta sufi nyingine, donge kubwa kama yai la njiwa.

Mmesikia? Mwenye mbwa mwenyewe amejiziba masikio.

"Ulikuwa unasemaje, mama?"

"Mbwa, bwana. Watu hawajalala."

"Ah, hawa?" Akacheka kwa upole, kama mtu aliyesifiwa watoto wake. "Hawa hawana neno. Wanawasalimu tu. Ni mbwa wenye adabu, hawawezi kuona mtu wakanyamaza."

"Wanatusalimu tangu alfajiri, bwana."

"Ndiyo adabu yenyewe hiyo." Akarudisha sufi sikio la kulia, akarudisha sufi sikio la kushoto, akateremsha pazia.

Usiku wakatembea. Watu walipiga miayo mpaka taya zikalia. Alfajiri wakafika kambi ya pili, wakajitupa chini. Safari hii Bwana Kitsao hakuwafunga mbwa. Alisema wamechoka na kamba, wanyooshe miguu. Wakanyoosha. Ngurumo alipita juu ya watu kama anavuka magogo. Radi alikokota kitoweo cha watu hadi vichakani, na chungu chake. Kipenzi alizunguka kambi nzima akichagua, akachagua, akachagua, kisha akainua mguu juu ya furushi la kirongozi.

Kirongozi wa msafara aliitwa Dzombo. Yeye ndiye aliyejua njia na visima, na neno lake ndilo lililosimamisha msafara na kuuondoa. Watu wakamtazama. Dzombo akalitazama furushi lake likichuruzika. Akakumbuka kwamba Bwana Kitsao ni mtu mkubwa, na kwamba watu wakubwa hukumbuka majina.

"Ndugu zangu," akasema, "safari ni kuvumiliana." Akalianika furushi juani.

Mbeyu akaenda tena. Hodi ya kwanza, hodi ya pili, hodi ya tatu. Sufi ya kulia, sufi ya kushoto.

"Bwana, mbwa wanakanyaga watu. Wamekula kitoweo cha watu."

"Wanacheza tu, mama. Hawa bado watoto."

Mbeyu akamtazama Ngurumo, aliyekuwa na mvi kidevuni.

"Mume wangu hajalala siku ya pili leo," akasema. "Anabeba mzigo, na usiku njia ni mbaya."

"Basi naye acheze nao kidogo. Watamzoea." Na pazia likashuka.

Usiku ule wakapita penye makorongo. Mbeyu alimwona mumewe mbele yake akiyumba. Akamwita, "Baba Sidi." Akaitika. Akatembea kidogo, akamwita tena. Akaitika kwa mbali, kama mtu aliye ndani ya kisima. Mara ya tatu Mbeyu alipofungua kinywa, Charo hakuwa mbele yake. Alikuwa ameteleza korongoni na mzigo wake. Walimtoa kwa kamba. Alikuwa hai, lakini kifundo cha mguu kilikuwa kimetoka mahali pake, kimefura kama boga. Wapagazi wakamfungia machela ya shuka na miti miwili, wakambeba kwa zamu, wao wenyewe wakisinzia.

Mbeyu alitembea kando ya machela, ameshika mkono wa mumewe. Hakulia. Alikuwa anahesabu akilini kambi zilizobaki, na mabega ya wapagazi, na siku za Sidi, na hesabu haikukubali. Watu wale wakikosa usingizi siku moja nyingine, machela itaanguka. Ikianguka, Charo ataachwa kisimani na yeye ataachwa naye. Na Sidi ataogopa peke yake.

Kambi ya tatu. Hakungoja hata mikeka itandikwe. Alimkuta Bwana Kitsao bado anakagua mito yake.

"Bwana Kitsao, mume wangu ameanguka kwa kukosa usingizi. Leo nakuomba uwanyamazishe mbwa wako."

Bwana Kitsao akaweka mto chini. Uso wake ulikuwa umekasirika kidogo, kwa namna ya mtu anayeona wenzake hawana shukrani.

"Mama, hebu nikuulize. Tangu tuanze safari, umeona simba?"

"Sijaona."

"Unadhani ni kwa nini? Hawa mbwa wanawalinda. Nyote. Bila malipo. Mngekuwa watu wa kufikiri mngekuja hapa kunishukuru, badala ya kuja kila siku na malalamiko." Akaingia ndani.

Mbeyu akamwendea kirongozi. Dzombo akaenda hemani, akakaa kitambo, akatoka anatafuna tende. "Nimezungumza naye," akasema. "Amenieleza vizuri sana. Wanatulinda. Kwa kweli tumshukuru." Na akatema kokwa.

Hapo Mwero akashika rungu. "Mimi nitamshukuru huyo mdogo kwanza," akasema, akimtazama Kipenzi. Wapagazi wengine nao wakainuka.

Mbeyu akasimama mbele yake. "Huyo mbwa amewahi kukujibu vibaya?"

"Hapana."

"Aliyenijibu vibaya ni nani?"

Mwero akateremsha rungu.

"Nendeni mkakae," Mbeyu akasema. "Kirongozi amesema tushukuru. Basi tutashukuru. Lakini tushukuru sawasawa, kama watu waliofunzwa." Na akawaeleza kwa ile sauti yake ndogo. Wapagazi wakaanza kutazamana. Wakaanza kutabasamu. Hata Charo kwenye machela alicheka, akajishika mguu kwa maumivu.

Bwana Kitsao akalala. Pazia chini, sufi masikioni. Jani likaanguka.

Wuu, wuu, wuu.

Mbeyu akaja na wapagazi wanne. Wakatikisa mlingoti mpaka hema likacheza. Bwana Kitsao akatoka, sufi ya kulia, sufi ya kushoto.

"Kuna nini?"

"Tumesalimiwa, bwana," akasema Mbeyu. "Tumekuja kuitikia. Hujambo?"

"Sijambo."

"Wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na punda?"

"Mama, mimi nimelala."

"Samahani, bwana. Mbwa wako wana adabu, nasi tusiwe watu tusioitikia salamu." Wakampa mikono, mmoja mmoja, kwa heshima zote, wakaenda zao.

Bwana Kitsao akarudisha sufi. Usingizi ulikuwa haujamshika vizuri. Mjusi akapita.

Wuu, wuu, wuu.

Wakaja wengine sita, na debe, na vijiti. Walipofika mlangoni wakaanza kupiga na kucheza, wakizunguka hema. Bwana Kitsao akatoka nywele zimesimama.

"Nini tena?"

"Mbwa wametuita kucheza, bwana. Ulisema wanacheza. Tumeona vibaya watoto wacheze peke yao." Na wakacheza, wakamshika mkono naye acheze, wakamzungusha mara moja, mara mbili, wakamrudisha mlangoni anahema.

Akaingia. Sufi hakuirudisha, maana ilikuwa imekanyagwa kwenye ngoma. Hakuna kilichopita, hakuna kilichoanguka.

Wuu, wuu, wuu.

Safari hii ilikuja kambi nzima. Marungu, mishale, mapanga, mchi. Mbele yuko Mbeyu, na pembeni yake kirongozi Dzombo, ambaye wapagazi wawili walikuwa wamemshika viwiko kwa upendo mkubwa.

"Mbwa wametoa habari, bwana," akasema Mbeyu. "Wameona nini?"

"Hawajaona kitu."

"Wamebweka."

"Wanabweka tu. Nendeni mkalale."

Mbeyu akawageukia watu. "Bwana Kitsao anasema mbwa wake wanabweka bure."

Watu wakaguna. Bwana Kitsao akasikia ile miguno, akaona watu wote wamemtazama, na asubuhi ile ile alikuwa amesema aliyoyasema. Mtu mkubwa hawezi kumeza maneno yake mbele ya wapagazi.

"Sikusema bure," akasema. "Wameona... wameona fisi."

"Wapi?"

"Kule." Akaonyesha mbali, penye kilima cha chokaa kinachong'aa kwa joto.

"Alhamdulillahi kwa mbwa hawa," akasema Mbeyu. "Bila wao tungeliwa. Basi chukua mbwa wako, bwana, uende ukamfukuze. Sisi hatuzijui kamba zao, watatuuma. Mwero na kirongozi watakusindikiza, ushuhuda upatikane."

Dzombo akafungua kinywa. Akakumbuka kwamba yeye ndiye aliyesema washukuru. Akakifunga.

Basi Bwana Kitsao akaenda. Jua la utosi, mbwa watatu mkononi, mmoja anavuta kushoto, mmoja anavuta kulia, na Kipenzi amekaa chini hataki kwenda kabisa, ikabidi abebwe. Walikwenda mpaka kilimani. Fisi hayupo. Mwero akasema huenda yuko nyuma ya kilima. Wakaenda nyuma ya kilima. Mwero akasema huenda amehamia kilima cha pili. Mwero alikuwa na miguu ya mbuzi na hakuwa na haraka yoyote.

Na kambini, wenzangu, mbwa hawapo. Hakuna sauti. Migunga imesimama, kivuli kimetulia, na watu wakalala. Walilala kama mawe yaliyozama. Charo alilala ameachama. Mbeyu alikaa macho kidogo, akisikiliza pumzi ya mumewe, kisha naye akalala.

Jioni Bwana Kitsao akarudi. Ngozi ya pua imebanduka. Ndiyo kwanza anainama kuingia hemani, kirongozi, kwa sauti iliyokauka, akaita watu waondoke. Usiku ule machela ilikwenda mbio. Wapagazi waliimba. Bwana Kitsao alitembea akisinzia, akijigonga nyuma ya punda wake, mara punda amsukume, mara yeye amsukume punda.

Kambi ya nne, asubuhi. Hakungoja hema. Bwana Kitsao aliwafunga mbwa kwenye vigingi, akajilaza juu ya chokaa.

Wuu, wuu, wuu.

"Nyamazeni," akasema Bwana Kitsao.

Mbwa wakamtazama. Hawakuwahi kulisikia neno hilo tangu wazaliwe. Wakadhani ni mchezo mpya. Wuu, wuu, wuu.

"Nyamazeni, nimesema. Watu wanataka kulala."

Watu kwenye mikeka wakainua vichwa. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Mashuka tu ndiyo yaliyotikisika. Kisha wakaona Bwana Kitsao akija, taratibu, mpaka kwenye mkeka wa Mbeyu. Akachuchumaa. Ilikuwa mara ya kwanza magoti yake kukunjika mbele ya mtu.

"Mama Sidi." Ndiyo kwanza amwite jina lake. "Nimechoka. Mtakuja tena leo?"

"Tukiitwa tutakuja."

"Sitaki waite. Nifanyeje?"

Mbeyu angeweza kumwambia acheze nao kidogo, watamzoea. Neno hilo lilifika ulimini, na lilikuwa tamu. Akamtazama Charo na kile kifundo chake. Akawatazama mbwa: wamefungwa juani, mbali na maji, ndimi nje, shingo zote tatu zimeelekea upande mmoja. Zimeelekea kwa Bwana Kitsao.

"Lini mara ya mwisho umewapa maji?" akauliza.

Bwana Kitsao akafikiri. Akafikiri sana.

"Wewe unalala kivulini na mito, wao umewafunga juani na kiu. Kisha unateremsha pazia wasikuone. Wanakuita wewe, bwana. Kila siku wanakuita wewe, na wewe umejiziba masikio. Wanyweshe. Waingize hemani, walale nawe."

"Hemani? Kwenye mito yangu?"

"Au tulete debe."

Akawanywesha. Walikunywa mpaka matumbo yakalia. Hema likapigwa, akawaingiza ndani. Ngurumo akajitupa kwenye mkeka wa bwana wake, akaguna mara moja, akalala. Radi akalala juu ya Ngurumo. Kipenzi akazunguka, akachagua, akachagua, akachagua, akalala katikati ya mto wa kichwani. Wala hakubweka tena.

Kambi nzima ikalala, mchana wote, isipokuwa mtu mmoja. Kwa maana mbwa wale walikuwa na viroboto wengi sana, na viroboto, walipoonja damu ya mtu mkubwa, walisahau kabisa habari za mbwa. Ukipita karibu na hema ungesikia kucha tu: kwaru, kwaru, kwaru.

Wakavuka Nyika ya Chokaa. Wakafika soko la ng'ambo wingu la kwanza likiwa linajikusanya. Na hapo sokoni Bwana Kitsao aliwakusanya watu akawaeleza jinsi ya kulea mbwa safarini. Alisema ni jambo alilolifikiria mwenyewe, kwa muda mrefu. Alisema siri ni maji na ukaribu. Alisema watu wengi hawajui. Huku anasema, anajikuna. Na Dzombo, pembeni yake, alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno.

Mbeyu hakuwapo kusikia. Alikuwa ameuacha msafara penye njia panda, Charo amejiegemeza begani mwake, wanakwenda mguu mmoja baada ya mwingine. Sidi aliwaona kutoka mlangoni, mkono kiunoni, tumbo limeshuka. Alikuja akajitupa kifuani mwa mama yake, akalia kama mtoto, na Mbeyu akamshika. Siku iliyofuata, mvua ikipiga paa, mjukuu akazaliwa. Alikuwa msichana, na sauti yake ilijaza nyumba.

Hapo ndipo nilipoachana nao. Wao wameingia ndani wamefunga mlango, mimi nimerudi kwenu na vumbi la chokaa miguuni. Hadithi ikiwa tamu, gawaneni msipigane. Ikiwa chungu, nirudishieni, nina mtu wa kumpelekea.

Nani amelala?

Sasa tunalala.

Haya, laleni.